Asiyechimba, Asichimbiwe

Kwenye mazishi ya Lugombelo kuna mahali ambapo watu hunyamaza bila kuambiwa. Mchungaji amekwisha kuhubiri, wasifu wa marehemu umesomwa, ukoo umeshukuru, na jeneza bado liko juu ya viti viwili. Msemaji wa msiba anatangaza: "Sasa neno la serikali ya kijiji." Watu wanainamisha vichwa. Kina mama wanawapa watoto ziwa ili wasilie. Vijana waliojiegemeza kwenye migomba kule nyuma wanazima sigara. Kisha anainuka mjumbe wa nyumba kumi, anasema serikali inatoa pole, anakaa. Vichwa vinabaki vimeinama kidogo zaidi ya inavyohitajika, kama vinasubiri. Ukimya ule ulikatwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na mtu huyo hayupo.

Hezroni Mwakalasya alikuwa mwenyekiti wa kijiji kile kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto walidhani uenyekiti ni sehemu ya jina lake. Lugombelo iko mbele ya Talatala, wilayani Kyela, pale barabara inapoacha changarawe na kuingia kwenye tope jeusi. Mpunga uko mabondeni, na kakao na migomba iko kwenye vituta vilivyoinuka kidogo. Alizaliwa hapo. Alitoka mara moja tu katika ujana wake, akaenda Vita vya Kagera, akarudi na goti bovu na hadithi moja.

Hadithi yenyewe kila mtu aliijua. Walikuwa wamevuka mto, wameingia mji mdogo ambao jina lake hakuwahi kulitamka sawasawa. Wenyeji waliwapokea kwa mikungu ya ndizi na maziwa. Siku moja wenyeji hao wakamleta fundi cherehani mmoja, wakasema ndiye aliyekuwa akiwachongea kwa watawala waliokimbia, na kwamba kwa ajili ya ulimi wake zipo nyumba zisizo na baba. Walitaka kummaliza hapo hapo sokoni. Askari wakatazama pembeni, kwani halikuwa jambo lao. Koplo mmoja tu, kijana mwembamba wa kutoka Dodoma, alikwenda akasimama mbele ya fundi. Hakuinua bunduki. Alisema mtu huyu atapanda lori, atakwenda kuhukumiwa, na anayemtaka aanze na yeye. Fundi akapanda lori. Tangu siku hiyo wenyeji hawakumpelekea koplo ndizi wala maziwa, na wenzake wakamwita wakili wa adui. Alikula peke yake mpaka vita vikaisha.

Hapo Hezroni alikuwa akitulia, anapapasa goti lake, halafu anasema kwamba kwenda mbele wakati wote mnakwenda si ushujaa, hiyo ni foleni. Ushujaa ni kula peke yako. Alisema vita havianzi na bunduki. Vinaanza siku mnapokubaliana kwamba fulani si mtu, na mkishakubaliana, silaha huja zenyewe. Alisema haki ni ya yule usiyempenda, maana unayempenda haihitaji; huyo tayari ana wewe. Kisha alimaliza kwa kushukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," akakaa.

Vijana walimpenda na kumcheka kwa wakati mmoja. Walimwita Mzee Kagera. Akianza tu kusema, mmoja alimnong'oneza mwenzake kule kwenye migomba, "Tumeshavuka mto?" Mwenzake alijibu, "Bado, tunafunga kamba za viatu." Lakini alipofika kwa koplo walinyamaza, hata wale walioisikia hadithi hiyo tangu migongoni mwa mama zao.

Jambo moja aliloliacha kwenye kijiji kile lilikuwa sheria ya msiba. Fedha ya kakao ilipoanza kuingia na pikipiki zikawa nyingi, vijana walianza kukwepa kuchimba makaburi. Udongo wa Kyela si wa mchezo. Ukifika kiunoni maji yanapanda, kuta zinamomonyoka, na mnaochimba lazima muwe wengi wa kupokezana na kuchota. Ikawa wazee wanazikwa na wazee. Hezroni aliita mkutano, akapendekeza kwamba mtu akikosa misiba mitatu mfululizo bila sababu, wa kwake ukifika aachiwe mwenyewe. Asiyechimba, asichimbiwe. Mikono yote ilinyooshwa, na mmoja wa wa kwanza kunyoosha alikuwa Eliud.

Eliud alikuwa mtoto wa mdogo wake marehemu. Mama yake alifariki kabla mtoto hajaota meno, na Tulinagwe, mke wa Hezroni, alimchukua akamlea pamoja na binti yao Abigail. Alikua mrefu, mwenye sauti, mchapakazi. Alipompitia mzee njiani asubuhi alichuchumaa kidogo na kumwamkia, "Mwagonile, baba," kama mtoto aliyefunzwa. Kijiji kilipokuja kuhitaji kamanda wa doria, hakuna aliyetaja jina jingine.

Doria ilianzishwa msimu ule bei ya kakao ilipopanda mpaka watu wakadhani redio inatania. Waliokuwa wakivuna magunia ya dhiki walijenga kuta za matofali ya kuchoma. Wezi nao walikuja. Mtu aliamka akakuta miti imekwanyuliwa matunda, au sanduku la kuvundikia limebaki majani ya mgomba tu. Kwenye mkutano wa kijiji mwanamume mmoja alisimama akasema itangazwe vita, na mkutano ukapiga makofi. Hezroni alikataa. Aliwaambia wasichezee neno hilo mbele ya mtu aliyeliona. Walimcheka kwa heshima, wakaanzisha doria, na yeye akaitia sahihi, kwa kuwa wizi ulikuwepo kweli na hakuwa na dawa nyingine.

Asubuhi moja baada ya mvua, kulipokuwa kunapambazuka, doria ilimkamata kijana aitwaye Amon na kiroba cha mbegu mbichi za kakao begani. Hakuwa mtu wa pale. Alikuwa Mkisi kutoka ufukweni, ng'ambo ya Matema, ambako milima inaingia ziwani na watu wanasafiri kwa boti. Alikuja kutafuta vibarua vya palizi. Alisema amelipwa kwa kakao. Alipoulizwa na nani, inasemekana hakupewa nafasi ya kumaliza jina.

Hezroni alisikia kelele akiwa anafunga ng'ombe. Goti lilimchelewesha. Alifika akamkuta Amon amelala kando ya kichanja cha kuanikia, na Eliud amesimama juu yake, mkononi ana rungu la kupasulia kakao. Vijana wawili wengine walikuwa wanafuta mikono kwenye majani. Watu walikuwa wamejaa. Amon alikuwa bado anapumua, akaomba maji. Hezroni aliagiza yaletwe. Hakuna aliyesogea. Alikwenda mwenyewe mpaka nyumba ya karibu, akarudi na kikombe, na maji hayakuwa na mnywaji tena.

Kiroba kilikaa pale mpaka kikaanza kunuka. Hakuna aliyejitokeza kusema kakao ile ni yake.

Mchana wa siku hiyo wazee walikaa nyumbani kwa mwenyekiti wakakubaliana maneno. Polisi wakija wataambiwa kijana aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Ni maneno yanayojulikana. Wameshazikwa nayo watu wengi katika nchi hii, na ndani yake hakuna jina la mtu. Hezroni aliwasikiliza mpaka mwisho. Aliwaambia hasira haina mikono. Walidhani anakubali kwa namna yake ya kuzungusha, wakanywa chai, wakaondoka.

Tulinagwe ndiye aliyeelewa. Alikuwa jikoni anamenya ndizi, na mumewe alipoingia na kukaa kwenye kigoda, hakuinua macho.

"Baba Abigail," alisema, "mtoto yule nimemlisha kwa mkono huu."

"Najua."

"Na unakwenda kumtaja."

"Nakwenda kusema nilichokiona."

"Walikiona wangapi? Kijiji kizima kilikuwa pale. Kwa nini macho yawe yako tu?"

Tulinagwe alimenya ndizi nyingine, akaitumbukiza kwenye maji.

"Ukimtaja sitakuacha," alisema. "Nitapika, utakula. Lakini usinisimulie tena yule koplo."

Mpelelezi alikuwa mwanamke wa Singida aitwaye Georgina, aliyehamishiwa Kyela muda si mrefu na ambaye bado alilalamikia joto. Nyumba zote alizopita alipewa maneno yale yale mpaka akawa anayamalizia mwenyewe. Kwa Hezroni alipewa majina matatu. Aliweka kalamu chini, akamtazama.

"Mzee, hili la kwanza ni la mwanao. Una hakika niliandike?"

"Andika, afande. Jina hilo nilimpa mimi."

Eliud na wenzake walichukuliwa jioni ile. Alipopitishwa mbele ya nyumba aliyokulia, Tulinagwe alitoka na sweta akampa. Hezroni alisimama mlangoni. Hawakuagana.

Wiki hiyo hiyo Hezroni alipanda gari mpaka Matema, halafu boti, akaenda kumzika Amon. Alikuwa mtu pekee kutoka Lugombelo. Mama wa marehemu, Kisa, alikuwa mfinyanzi, mwanamke wa mifupa mikubwa ambaye mikono yake ilikuwa bado na udongo kwenye kucha, kwani habari ilimkuta kwenye kazi. Hezroni alipoombwa kusema neno la serikali alisimama, akafungua kinywa, akakaa. Kisha aliomba sepetu. Vijana wa pale walitazamana, wakampisha. Alichimba na goti lake hilo mpaka jasho likamziba macho, na hakuna aliyemwambia inatosha.

Aliporudi Lugombelo alikuta mambo yameshapangwa, na aliyeyapanga hakuonekana. Hakuna aliyemtukana. Watu walimwitikia salamu, ila walipomwitikia walikuwa wameshampita. Kilabuni mlevi mmoja alimwuliza mateka wake wanakula nini huko mahabusu, na watu wakacheka, wakaacha ghafla alipogeuka. Chama chake kilimshauri apumzike, na uchaguzi ulipofika kilimsimamisha Humphrey, mnunuzi wa kakao anayeishi Bondeni, mjini, ambaye huja kijijini siku za mnada.

Lililomwumiza zaidi alichelewa kulitambua. Siku hizi misiba ya Lugombelo inatangazwa kwenye kundi la simu la kijiji. Hezroni aliondolewa kwenye kundi hilo, hakujua na nani. Mtu wa kitongoji cha chini akafa, akazikwa, naye akasikia baadaye. Akafa mwingine, kisha mwingine. Alikwenda kutoa pole nyumba hizo zote, akiwa amechelewa, amebeba mchele, na wenye nyumba waliupokea mchele bila kumkaribisha kiti. Alijua hesabu. Ilikuwa hesabu yake mwenyewe.

Kesi nayo ilikwenda ikirudi. Mashahidi waliitwa, na wale waliofika walisema walikuwa mashambani, walisikia kelele tu. Shahidi aliyebaki alikuwa mmoja, mwenye goti bovu, aliyefika mwishoni. Mwanasheria wa upande wa pili alimwuliza kwa upole kama aliona rungu likipiga, ama aliliona likiwa limeshikwa. Hezroni alisema aliliona limeshikwa. Angeweza kusema vinginevyo. Koplo yule naye, nadhani, asingesema vinginevyo. Eliud na wenzake waliachiwa, na walirudi kwa msafara wa pikipiki, matawi ya miti yamefungwa kwenye taa, honi zinalia tangu Talatala. Eliud alijenga chumba upande wa pili wa kijiji. Asubuhi alipokutana na mzee njiani, alitazama mbele.

Tulinagwe alitimiza ahadi yake. Alipika, Hezroni akala. Katika nyumba ile hawakugombana wala hawakuzungumza sana, na mara moja moja jioni alimwona mkewe amefunika bakuli, amelishika chini ya kanga, anaelekea upande wa pili wa kijiji. Hakumwuliza. Presha ilimwangusha Tulinagwe mwisho wa masika, akiwa uani, akianika mpunga, na hakuinuka tena.

Hezroni alikwenda mwenyewe kwa Humphrey. Alimkuta ofisini, akamweleza. Humphrey alisimama, akampa pole kwa mikono miwili, akamsogezea kiti, na aliposikia ombi la vijana wa kuchimba alitazama sakafu.

"Baba," alisema, "sheria si yangu. Ni yako, tena ni nzuri. Imetusaidia sana."

Ndivyo Tulinagwe, aliyepika misibani kwa nusu ya kijiji, alivyolala ndani ya nyumba ambayo hakuna kuni zilizokatwa kwa ajili yake. Hapakuwa na sufuria zilizopangwa uani wala maturubai. Abigail alifika kutoka Makambako na mumewe, wamenunua jeneza Mbugani, pale mjini, walipopita. Mchungaji Jubilate alikuja, kwa kuwa mchungaji hana namna, akakaa chini ya mwavuli wake ameshika Biblia kwa mikono yote miwili. Barabarani watu walipita, wakapunguza mwendo usawa wa uzio, wakaendelea. Ng'ombe walikuwa wanalia njaa, hakuna aliyewakumbuka.

Asubuhi ya mazishi aliingia Kisa. Alikuwa ametoka ufukweni kabla jua halijachomoza, amebeba chungu kilichofungwa kwa kanga. Alikiweka mlangoni, akakaa kwenye mkeka peke yake, miguu ameinyoosha. Hezroni alikwenda kuinama mbele yake.

"Ulikuja kwangu, nimekuja kwako," Kisa alisema. "Usiniongezee maneno."

Kaburi walianza kulichimba watu wawili, Hezroni na mkwewe. Mkwe alikuwa mtu wa nyanda za juu, amezoea udongo mwekundu unaosimama. Huu mweusi ulimshangaza. Walipofika magotini maji yalianza kutokea. Walipofika kiunoni ukuta mmoja ulimeguka, wakaanza upya upande huo. Walichota kwa ndoo, na kadiri walivyochota ndivyo yalivyorudi. Hezroni alitolewa nje na mkwewe, amekuwa wa kijivu usoni. Mchungaji alivua koti, akalikunja, akatazama shimo, akalivaa tena.

Hapo ndipo Eliud alipotokea kwenye migomba. Alikuwa peke yake, peku, amevaa lile sweta. Macho yake yalikuwa yamevimba. Hakumsalimia mtu. Aliliendea jeneza mlangoni, akaweka kiganja juu yake, akakaa hivyo kidogo, kisha akaja kwenye shimo, akashika sepetu iliyokuwa imesimikwa kwenye tope, akasimama. Hakuingia. Alimtazama Hezroni, akisubiri.

Na Kisa, pale kwenye mkeka, alikuwa amemtambua. Alimwona mahakamani mara nyingi. Alikunja miguu yake taratibu, akaikalia, naye akamtazama Hezroni.

Palikuwa na neno moja la kusema, lile la kula peke yako, na kila mwenyeji aliyekuwa pale alilijua, kwa kuwa Hezroni mwenyewe alikuwa ameshalisema kwenye makaburi yote ya Lugombelo. Maji yalikuwa yanapanda. Ukuta wa pili ulikuwa umeanza kufanya ufa. Ndani ya jeneza lile alilala mwanamke aliyekuwa akitoka jioni na bakuli chini ya kanga.

Hezroni aliinama, akaokota ndoo, akampa Eliud.

Kisa aliinuka, akakung'uta kanga yake, akaenda mlangoni akachukua chungu chake, akaondoka nacho. Abigail alimkimbilia mpaka barabarani, akarudi bila yeye.

Eliud alichimba kama watu wanne. Alishindana na maji yale kwa hasira ambayo kijiji kiliijua, na kaburi likasimama. Tulinagwe alizikwa kabla ya mchana kugeuka, kwa wimbo mmoja ambao mchungaji alianzisha na ambao haukupata sauti ya pili mpaka ubeti wa mwisho, Eliud alipoingia kwa chini. Mchungaji alipouliza kwa kunong'ona kama kuna neno, Hezroni alitikisa kichwa. Eliud alinawa miguu kwenye mfereji, akapita mbele ya baba yake mlezi bila kugeuza shingo, akapotea kwenye migomba alikotokea.

Mchungaji alibaki mpaka jioni. Anasema walikaa wawili uani, mpunga alioanika Tulinagwe bado uko kwenye mkeka, na kwamba mzee alizungumza mara moja tu.

"Yule koplo, Mchungaji, hakuwa na mke wa kuzika."

Jubilate alitafuta jibu kwenye Maandiko na hakulipata kwa wakati, na mpaka leo anasema hajalipata. Aliutaja msiba ule kwenye mahubiri Jumapili iliyofuata, kwa mafumbo, na waumini waliinamisha vichwa mpaka alipomaliza. Wenye doria walikuwa safu ya mbele. Bei ya kakao imeshuka tangu hapo, wizi umepungua, doria bado ipo. Sheria ya msiba nayo ipo, na vijana wa Lugombelo sasa wanasifiwa kata nzima kwa kuchimba.

Nyumba ya Hezroni imefungwa kwa kufuli. Yeye anaishi Makambako kwa binti yake, katika chumba cha nyuma kinachotazama ghala la mbao.